Kilio cha Mukuba

Siku ya kuondoa kilio cha Papa tulifungua malle yake, sanduku lake la bati, na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa harufu. Mafuta ya ngazi, yaani mawese, yaliyochacha, ngozi ya zamani, na kitu kingine chini yake ambacho wadogo zangu hawakuwahi kukutana nacho. Etiene, kitinda mimba wetu, alijiziba pua akasema panya amefia ndani. Mimi nilishika ukingo wa malle. Haikuwa panya. Ilikuwa Mukuba, na Mukuba alikufa kabla Etiene hajazaliwa.

Etiene akavuta mkanda mrefu wa ngozi, akaupima kiunoni mwake, ukamzunguka mara mbili na kubaki. Akauliza Papa alikuwa na tumbo gani. Nikamwambia ule ni mkanda wa kufungia tandiko, na tumbo lenyewe ni la farasi. Akanitazama kwa macho ya mtu anayetaniwa msibani. Lakini ninyi mliokulia ufukweni Kalemie wakati mmoja na mimi hamtacheka, maana mlimwona kwa macho yenu, na wengine mlimkimbilia nyuma mkipiga makopo. Basi nawaandikia ninyi. Tangu utoto nimetembea na swali moja: ni nani aliyemuua Mukuba? Nilipokuwa mdogo nilijua ni mimi. Baadaye nilijua ni Papa, na nikamchukia kwa hilo miaka mingi. Sasa sijui hata nijue nini.

Papa alizaliwa juu Marungu, akakulia Pepa kwenye ng'ombe, kule ambako wachungaji wanapanda farasi kama sisi huku tunavyopanda baiskeli. Papa Selemani, mfanyabiashara wa Kalemie ambaye babu zake walikuja na biashara ya ziwa, alikwenda huko kununua ng'ombe akarudi na farasi. Mwenyewe hakujua hata upande wa kumshikia, kwa hiyo alimchukua na Papa. Walishuka pamoja kwa boti kutoka Moba, farasi amefungwa macho kwa kitenge cha Mama ili asione maji. Kile kitenge Mama hakukivaa tena. Alisema kilinuka mnyama, ila hakukitupa.

Tulimwita Mukuba, yaani shaba, kwa sababu ya rangi yake, nyekundu ya kung'aa kama waya wa shaba ukishamenywa. Kalemie hakukuwa na farasi mwingine wa kushindana naye, kwa hiyo siku za sikukuu alishindana na moto, pikipiki za vijana, kwenye mchanga wa ufukweni, na alizishinda, kwa sababu kwenye mchanga mkavu magurudumu yanazama na Mukuba hazami. Papa Selemani alipenda hapo. Alisimama na kanzu yake nyeupe, watu wanampa mkono yeye, utafikiri ndiye aliyekimbia.

Papa, ambaye ndiye aliyempanda, hakupenda. Kila asubuhi alipaka kwato za Mukuba mafuta ya ngazi, akamwinua mguu mmoja mmoja na kuuchunguza, na mimi nilishika kopo la mafuta. Hapo ndipo alipozoea kunifundisha. Aliniambia farasi akila kitu kibaya hawezi kutapika, tumbo linafunga na anakufa. Aliniambia mbung'o anamwua, ndiyo maana kule juu anaishi vizuri na huku chini tunamwombea. Msumari unamwua. Shimo linamwua, kwa sababu mguu wake ukivunjika haufungwi vijiti kama wa mtu, hawezi kulala akasubiri upone. Mimi nilimcheka kimoyomoyo. Mbuzi wa jirani alikula mifuko ya plastiki na kamba za nyavu, na alikuwa anazaa mapacha. Nilidhani Papa ni mwoga tu. Siku moja nilimuuliza mbona mnyama mkubwa hivi anaogopa vitu vidogo vidogo. Akajibu bila kuinua kichwa, "Mwili wake ni mukubwa, lakini kifo chake ni kidogo. Kinaingia fasi yoyote."

Sasa niwakumbushe habari ya visima, maana hapo ndipo penye kidonda changu. Kipindupindu kilikuwa kimepita mtaani kwetu, na mama zetu walitukataza kuchota maji ya ziwa moja kwa moja. Tulichimba mashimo kwenye mchanga, hatua chache kutoka majini, kina cha mkono hadi begani. Unachota yale machafu ya kwanza unamwaga, unasubiri, halafu yanakuja mengine yaliyochujwa na mchanga, safi mpaka unaona kucha zako. Kila msichana alikuwa na kisima chake, na kila kisima kilikuwa na fimbo pembeni, ili mtu asitumbukie. Hiyo fimbo ilikuwa sheria. Hata wavuvi walevi waliiheshimu.

Changu kilikuwa karibu na mtumbwi mmoja mbovu uliokuwa umepinduliwa. Nilikifunika kwa kifuniko cha sufuria ya Mama kilichokosa mshikio, na nilikuwa nimekitoboa matundu matatu kwa msumari, alama yangu. Tatizo langu lilikuwa Mwamini. Mwamini wa nyumba ya tatu, mvivu kuliko wote, hakuwahi kuchimba tangu azaliwe. Alikuja na ndoo yake asubuhi, akapita kwenye visima vya wenzake kama mtoza kodi, akachota na kuvitibua. Nilishapigana naye mara mbili na mara zote mbili nilishindwa.

Sikukuu moja ikakaribia, na kijana mmoja wa moto, Dodo, akajisifu sokoni kwamba safari hii atamwacha Mukuba akila vumbi. Mchana wa kuamkia siku hiyo Papa alitembea njia yote ya mashindano bila viatu. Aling'oa vigingi vya kufungia mitumbwi, akaokota chupa, halafu akapita nyumba kwa nyumba kuomba visima vyote vifukiwe. Wasichana walikwenda wakavifukia kwa miguu, wakicheka. Na mimi nilikwenda. Nilisimama juu ya kisima changu nikakitazama. Nilikuwa nimekihangaikia siku tatu. Mukuba alizoea kushika upande wa chini, kwenye mchanga uliolowa, na kisima changu kilikuwa juu zaidi, kwenye mkavu, nikajiambia hakina neno. Nikaweka kifuniko, nikakimwagia mchanga juu mpaka kikapotea, na ili Mwamini asikione, nikang'oa fimbo.

Papa aliniuliza nyumbani kama nimefukia. Nikamwambia, "Papa, nimefukia."

Siku yenyewe mnaikumbuka. Ngoma, watoto juu ya mitumbwi, kanzu ya Papa Selemani. Nilisimama na Mama kwenye chanja za kukaushia samaki. Kumbe Dodo alikuwa amechunguza: alijua kwamba mchanga uliolowa ni mgumu na moto haizami hapo. Walipoachiwa tu, akaukimbilia, akaukamata wote, na Mukuba akalazimika kupanda juu, kwenye mchanga mkavu. Nilimwona Papa akiinama juu ya shingo yake. Nilifurahi, kweli nilifurahi, kwa sababu Mukuba alikuwa anaikaribia ile moto hata huko juu. Halafu nikaona ule mtumbwi mbovu, na furaha ikanitoka mwilini yote.

Mukuba alianguka kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho. Kichwa kilitangulia. Papa alirushwa mbele akaangukia bega. Kisha nikasikia sauti ambayo sikujua kwamba farasi anayo.

Hapo ndipo pananichanganya mpaka leo. Nilifikiri Papa atakwenda kwenye kichwa cha Mukuba, amshike, kama alivyofanya kila siku. Hakwenda. Mukuba alikuwa anajaribu kuinuka, mguu wa mbele unaning'inia, na Papa akatambaa kumpita, akarudi nyuma hatua chache, akakaa chini mchangani, miguu ameitandaza. Watu walipofika walimkuta hapo. Walimwambia ainuke, akakataa. Mkono mmoja ulikuwa umekufa kutoka begani, na kwa ule mwingine alikuwa anachota mchanga na kuumwaga chini yake, anachota na kuumwaga. Mama mmoja wa samaki akasema masikini, akili imemruka. Nami niliamini.

Papa Selemani alikuja polepole, kanzu imelowa chini. Hakupiga kelele. Aliuliza ni nini kimetokea. Dodo akaanza kuapa kwamba hakumgusa. Mzee mmoja akasema kuna jirani mwenye kijicho aliyezungumza maneno jana. Mwingine akasema hapa kuna shimo, tutafute shimo, visima vya watoto hivi. Nilishika kitenge cha Mama kwa mikono miwili. Papa, pale chini alipokaa, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Ni makosa yangu, Patron. Asubuhi alikuwa anachechemea. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka tushinde."

 Papa Selemani akamwita askari aliyekuwa akilinda sherehe, akamwonyesha Mukuba, akageuka akaenda zake. Mlio ulikuwa mmoja tu. Ndege wakaruka kutoka kwenye minazi, na mimi nilikuwa nimefumba macho.

Kabla moshi haujaisha watu walikuja na mabeseni na visu. Siwalaumu, nyama ilikuwa nyingi na njaa ilikuwepo. Papa alisema hapana, Mukuba atazikwa. Wakamcheka, wakamwuliza kama ataita na padri. Lakini wavuvi wanne walioheshimu maumivu yake wakaleta majembe, wakamvuta hadi juu penye minazi, watu wote wakafuata kule kushangaa. Papa hakufuata. Alibaki amekaa palepale, peke yake, mpaka tulipomrudia. Alirudi nyumbani ameubana mkono kifuani, shati limefungwa vifungo vyote, na hakumruhusu Mama amguse mpaka alipoingia chumbani peke yake kwanza na kufunga mlango. Nilimsikia akifungua malle.

Asubuhi iliyofuata Mama alinipa ufagio kama kila siku. Papa alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa kwa kitenge, kile cha farasi. Mnajua desturi yetu: nyumba yenye kilio haifagiliwi, majivu na majani yanabaki yalivyo mpaka kilio kiondolewe.

"Muache," Papa alimwambia Mama. "Leo hatufagii."

Mama akauliza, "Kwa farasi?"

"Kwa farasi."

Siku tatu hatukufagia. Majirani walipita wakiangalia majani uani, wakacheka, wengine wakasema pole kwa utani. Mimi sikucheka hata kidogo, kwa sababu nilielewa jambo ambalo watu wazima hawakuwa wamelielewa. Kama Mukuba ana kilio, basi ana na wajomba. Na wajomba, kila mtoto wa kwetu anajua, hawakubali mtoto wa dada yao afe hivihivi. Wanakuja, wanakaa, wanauliza: alikufaje, na nani alikuwa naye? Basi nilikwenda bandarini siku zote tatu kungojea boti ya Moba. Niliwaona kabisa akilini, farasi wa Pepa, wakubwa, wekundu, wamefungwa macho, wakishuka mmoja mmoja kwenye ubao na kuuliza nyumba yetu iko wapi. Nilikuwa nimepanga kusema ukweli kwa wa kwanza kushuka. Boti zilileta maharagwe, vitunguu, na mama wenye kuku. Sikuelewa. Nilidhani labda hawajapata habari.

Nilikwenda pia kwenye ule mtumbwi mbovu. Nilitafuta kisima changu kwa mikono, nikachimba kila upande. Hakikuwepo. Mchanga ulikuwa umejaa, umeshindiliwa, na kifuniko hakipo. Jamani, nilichanganyikiwa. Kama kwato za Mukuba ziliingia mle, shimo liko wapi? Kama hazikuingia, nani amekifukia? Nikaamua ni Mwamini. Alikiona kabla, akachota, akaiba kifuniko, akafukia kuficha wizi, na kwa hiyo Mukuba alianguka mwenyewe, kwa ule mguu uliochechemea, Papa si alisema? Mwezi mzima niliingia jikoni kwao kwa visingizio nikihesabu vifuniko vya mama yake. Sikukiona, lakini moyo ulikuwa umeshapata pa kulala. Haikuwa mimi. Ilikuwa Papa.

Na mtoto akishapata mwenye kosa hamwachii. Papa alipoteza kazi yake, akawa sentinele, mlinzi wa depo ya vifaa vya ujenzi, bega moja limebaki chini ya lingine maisha yake yote. Hakupanda tena mnyama wowote. Nilimwona akienda kazini na thermosi yake, bega limeinama, na badala ya huruma nilihisi hasira. Alijua mnyama anaumwa, akamkimbiza kwa ajili ya makofi. Yeye aliyenihubiria habari ya kifo kidogo! Hata kichwa hakumshika.

Nilipokuwa msichana mkubwa alinikataza kutembea na kijana fulani. Alisema nisiwe mtu asiyeangalia anapoweka mguu. Nilikuwa nimesimama, yeye amekaa, na maneno yakanitoka: "Mwenye aliua farasi yake kwa uongo, atanifundisha kutembea?" Mama alishika mdomo. Papa alinitazama. Niliona kitu kikija usoni mwake, kikafika karibu kabisa na mdomo, kisha kikarudi. Akachukua kikombe chake cha chai akanywa, na hakuwahi kulizungumza tena. Nami sikuomba msamaha. Nilidhani kimya chake ni aibu.

Haya, turudi kwenye malle. Etiene aliukunja mkanda, akaingiza mkono tena, akatoa kitu kilichoviringishwa ndani ya kitenge. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, akakitambua kitenge kabla ya sisi. Etiene akakifungua. Kifuniko cha sufuria kikaanguka sakafuni, kikazunguka na kulala. Kilikuwa kimebonyea katikati, mbonyeo wa mviringo, upana wa kwato. Matundu matatu ya msumari yalikuwa palepale pembeni.

Mama akasema, "Haa, kifuniko yangu. Nilitafuta hii kitu sana. Papa yenu alisema imepotea."

Nilikaa chini. Nikamwona tena Papa pale mchangani, miguu ameitandaza, anachota na kumwaga, na safari hii nilielewa alikuwa amekaa juu ya nini. Sikulia. Nilimuuliza Mama kama anakumbuka, asubuhi ile ya mashindano, Mukuba alikuwa anachechemea?

"Kuchechemea?" Mama akafikiri. "Alikuwa anaruka kama mwana-mbuzi. Lakini miye najua nini ya farasi? Papa yako njo alijua. Kama alisema alichechemea, labda alichechemea."

Ona sasa. Hata hapo hakunipa pa kusimama. Labda mguu ulikuwa mbovu kweli na Papa alisema nusu ya ukweli. Labda alitunga yote pale pale, bega limevunjika, Mukuba analia nyuma yake, kwa sababu alikuwa ameona matundu matatu na akachagua kunishika mimi badala ya Mukuba. Na kama alinificha kwa watu wote, kwa nini kifuniko hakukitupa ziwani? Alikiweka ili siku moja anionyeshe? Siku ile ya kikombe cha chai, kifuniko kilikuwa hatua kumi kutoka tulipokuwa. Angekwenda chumbani tu, akakileta, akakiweka mezani. Alikunywa chai.

Nje shangazi alikuwa amefika na wanawake wa ukoo, wanagonga fagio mikononi, tayari kufagia uani na kuondoa kilio. Etiene alikuwa anapanga vitu vya kugawana na vya kutupa. Akainua kifuniko, akakigeuza huku na huku, akauliza, "Na hii iliyobonyea ni ya nani? Tutupe?"

"Ni yangu," nikasema. "Miye njo nilifunika nayo kisima. Nilimwambia Papa nimefukia, na sikufukia."

Etiene hakuelewa chochote. Mama ndiye aliyeelewa. Alinitazama, akatazama ule mbonyeo, akautia kidole gumba, akakizungusha polepole. Niliona akiirudia siku ile yote kichwani mwake, kuanzia kwenye chanja za samaki. Shangazi akachungulia mlangoni na ufagio, akasema jua linapanda, tuanze. Mama aliinuka kwa shida, akauchukua ufagio mkononi mwake, akaulaza chini kando ya mlango.

"Leo hatufagii," akasema.